Mkono wa Nani Huu?

Msiba ukitokea kwetu Shelui, watu wanaotafutwa haraka ni watatu: mchungaji, fundi wa jeneza, na mtu mwenye picha. Huyu wa tatu hatajwi kwenye ratiba, lakini shughuli haiendi bila yeye. Picha ya marehemu inatakiwa iwekwe juu ya jeneza, ibebwe mbele ya msafara wa kwenda makaburini, ichapwe kwenye karatasi ya ibada, na siku hizi izunguke pia kwenye simu za ndugu walioko mbali. Saa chache baada ya taarifa kutoka, makabati yanafunguliwa, albamu zinapanguswa vumbi, simu za zamani zinatafutiwa chaji. Na mara nyingi jibu ni lile lile: marehemu hana picha ya peke yake.

Wazee wa umri wa bibi yangu walipigwa picha kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza ni serikali: kadi ya mpiga kura, kitambulisho cha taifa, bima. Sababu ya pili ni shughuli ya mtu mwingine: harusi, kipaimara, mahafali ya mjukuu. Picha ya serikali humwonyesha mtu akiwa peke yake, ila hafanani na yule mnayemjua nyumbani. Ametulizwa, ameambiwa asicheke, ametazamishwa mbele kama mtu anayesubiri kuhojiwa. Picha ya shughuli humwonyesha mwenyewe hasa, ila hayuko peke yake. Familia ikilazimika kuchagua, huchukua ya pili na kuikata. Mtu anatolewa katikati ya watu wake, anawekewa ukingo mpya pande nne, na kuanzia siku hiyo ndiyo sura atakayokumbukwa nayo.

Tunazoea kusema kwamba hali ya picha iko usoni: amefurahi, amehuzunika, amekasirika. Mimi naamini sehemu kubwa ya hali hiyo iko ukingoni, pale mkasi ulipopita. Niliyaona haya kwa macho siku mbili kabla ya kumzika bibi, mzaa mama yangu, nikiwa nimekaa chini ya turubai na kompyuta mpakato mapajani.

Kwa asiyepajua, Shelui ni mji mdogo wa barabarani katika Wilaya ya Iramba, chini ya mteremko wa Sekenke, pale mabasi ya Mwanza yanapomaliza kushuka mlima na kuingia mbuga ya Wembere kuelekea Igunga. Dhahabu ya Sekenke ilianza kuchimbwa tangu enzi za Wajerumani, na mpaka leo vijana wengi wa kwetu wanaijua ramani ya nchi kwa machimbo yake: Sekenke, Nzega, Kahama, Geita. Mjomba wangu mdogo ni mmoja wao. Aliondoka baada ya kutoelewana na kaka zake kuhusu shamba, na bibi alipofariki ilikuwa mwaka wa nne hajakanyaga nyumbani.

Picha iliyopatikana ilikuwa ya harusi ya mwaka 2016. Watu kumi na wanne wamejipanga mbele ya kanisa, jua limewapiga usoni, maharusi katikati. Bibi amekaa kwenye kiti cha plastiki mwisho wa mstari wa mbele, upande wa kulia. Amevaa kitenge cha kijani na kilemba cha kitambaa hicho hicho. Anatabasamu bila kufungua mdomo, kama kawaida yake alipokuwa na jambo la kusema baadaye. Kwenye bega lake la kushoto kuna mkono. Mwenye mkono amesimama nyuma yake, na ni mjomba mdogo.

Kamati ya mazishi iliniomba nimtoe bibi peke yake. Nikaandaa picha tatu ili wazee wachague.

Ya kwanza niliikata karibu sana: kuanzia juu ya kilemba mpaka chini kidogo ya kidevu. Uso ulijaa karatasi nzima. Ukimkaribia mtu kiasi hicho unaona mengi, mikunjo ya pembe za macho, kovu dogo la utotoni, lakini humwachii pa kupumua. Katika maisha, watu wanaotuona kwa umbali huo ni wachache: mama anayenyonyesha, mke, mume, daktari. Picha iliyokatwa hivyo inamlazimisha kila anayepita kuwa mmoja wao. Mjomba mkubwa aliitazama akarudisha kichwa nyuma. "Mbona kama anatukaripia?" aliuliza. Uso ulikuwa ule ule wenye tabasamu. Tulichokuwa tumekiondoa ni hewa.

Ya pili niliikata kifuani, nikauacha uso katikati kabisa, na juu ya kichwa nikaacha nafasi kubwa ya ukuta wa kanisa. Hiyo nayo ilikuwa na neno lake. Nafasi ikizidi juu ya kichwa, mtu anaonekana amezama. Anakuwa mfupi, mdogo, kama mtoto aliyekalishwa kwenye kiti cha mkubwa. Ndiyo maana wapiga picha wengi huyapeleka macho juu kidogo ya nusu ya picha, na nafasi wakaiacha upande ule mtu anaoutazama. Mtu mwenye nafasi mbele ya macho yake anaonekana ana pa kwenda. Ukimsukuma mpaka pua yake ikakaribia ukingo, hata kama anacheka, utasema amebanwa.

Ya tatu ilikuwa pana zaidi. Ilishuka mpaka kwenye magoti, ikaonyesha mikono yake miwili iliyolala juu ya kitenge, na ikaubeba ule mkono wa begani, kuanzia vidole mpaka kwenye pindo la shati.

Hapo ndipo mjadala ulipoanza. Kila mtu aliipenda hiyo ya tatu, lakini mjomba mkubwa alinigeukia akasema, "Mpwa wangu, hii nzuri. Ila huo mkono ufute. Siku hizi kompyuta inafuta kila kitu." Hakutaja mkono ni wa nani. Wote waliokuwa pale walijua.

Ni kweli kompyuta inafuta. Nilijaribu mbele yao, ikachukua kama dakika kumi. Vidole vikaondoka, kitenge kikarudishiwa maua yake, bega likawa safi. Tukainyanyua ile kompyuta kila mtu aone. Mama mkubwa, dada yake mama, alikuwa amekaa mkekani na wanawake wengine. Alisogea, akaangalia kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Mwanangu, ukiutoa huo mkono, mama ataanguka."

Alikuwa ameona kitu ambacho sisi wengine hatukukiona. Katika ile picha, bibi ameinama kidogo upande wa kushoto. Kichwa kimelalia upande ule ule, na bega limeshuka kidogo, kama mtu anayeegemea. Mkono ukiwepo, jicho linaelewa mara moja: mama ameegemea kwa mwanawe. Mkono ukiondoka, kule kuinama kunabaki bila sababu, na jicho halipendi jambo lisilo na sababu, linatafuta nyingine. Ikabaki sababu moja tu inayofaa kwa bibi wa miaka themanini, nayo ni ugonjwa. Bila kugusa hata mkunjo mmoja wa uso wake, tulikuwa tumemgeuza mwanamke anayependwa kuwa mgonjwa anayetaka kuanguka kitini.

Kulikuwa pia na sababu ya kiufundi, nami niliieleza kwa sababu mjomba mkubwa ni fundi na husikiliza vipimo. Karatasi ya A4 ikichapwa vizuri inataka nukta kama 300 kwa kila inchi, yaani takriban 2,480 kwa upana. Katika picha ya watu kumi na wanne, kichwa na mabega ya bibi vilikuwa na nukta kama 500 tu kwa upana. Ukivivuta vijaze A4, unapata nukta 60 kwa kila inchi, na uso unakuwa ukungu. Mkato mpana ulikuwa na nukta kama 1,000. Uso ungetoka mdogo lakini ungeonekana. "Kwa hiyo akiwa karibu zaidi ndiyo tunampoteza," mjomba alisema, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwangu. Hakusema tena juu ya kufuta. Alinyamaza, akaenda kuangalia habari za maji ya kupikia, na kwa desturi ya wazee wetu hiyo ni ruhusa.

Picha ilichapwa kwenye stesheneri ya barabarani, ikatiwa fremu, ikabebwa mbele ya jeneza ikiwa na mkono wake.

Tangu siku hiyo sioni picha ya mtu maarufu bila kujiuliza nani amekatwa pembeni. Iliyonisumbua zaidi ni ile inayojulikana kuliko zote, nayo imetuzunguka hapa hapa: kwenye fulana na kwenye stika za magari. Ni ile ya Che Guevara, kofia ya bereti yenye nyota, nywele ndefu, macho yanayotazama mbali juu ya vichwa vyetu. Watu wengi wanaoivaa hawajui kwamba mtu huyo alipita kwetu. Aprili 1965 aliingia Dar es Salaam kwa siri, akasafiri mpaka Kigoma, akavuka Ziwa Tanganyika kwenda kupigana mashariki ya Kongo. Wenzake walipewa majina ya hesabu za Kiswahili, naye akaitwa Tatu. Novemba mwaka ule ule alirudi akiwa ameshindwa, akajificha Dar es Salaam kwenye ubalozi wa Kuba akiandika habari za kushindwa huko.

Picha yenyewe ilipigwa na Alberto Korda mjini Havana tarehe 5 Machi 1960, siku moja baada ya meli iitwayo La Coubre kulipuka bandarini na kuua watu wengi. Palikuwa na mkutano wa kuwalilia waliokufa. Picha kamili imelala kwa upana, na ndani yake Che hayuko peke yake: upande mmoja kuna mtu mwingine aliyeonekana kwa ubavu wa uso, upande wa pili kuna majani ya mnazi au mti wa jamii yake. Ukiiona hivyo, unaona mtu kwenye mazishi, amesimama kati ya watu, uso umekazwa kwa uchungu na hasira. Korda alimkata yule mtu, akayakata majani, akaisimamisha picha. Gazeti aliloipelekea halikuitumia, akaitundika ukutani kwake. Mwaka 1967 alimpa nakala mchapishaji mmoja wa Italia, na Che alipouawa Bolivia Oktoba mwaka ule, mabango yakaenea duniani.

Mkato ule ulifanya nini? Uliondoa mahali, ukaondoa siku, ukaondoa waombolezaji. Mtu aliyekuwa anatazama watu wenye huzuni akawa anatazama kesho. Uchungu ukasomeka kama ushupavu. Misuli ya uso ni ile ile, lakini sababu ya misuli hiyo ilibaki upande wa pili wa mkasi. Mimi nilikuwa nimekaa Shelui nikitengeneza picha ya msiba kutoka kwenye harusi. Korda alikuwa ametengeneza picha ya ushindi kutoka kwenye msiba. Kazi ni moja.

Sisemi kwamba kukata ni uongo. Kila picha imekatwa tayari, hata kabla ya kompyuta. Mpiga picha akisimama hapa asisimame pale amekata. Akiinua kamera ameondoa ardhi, akiishusha ameondoa mbingu. Mabango ya wagombea wakati wa uchaguzi mara nyingi hupigwa kutoka chini kidogo ili mtu aonekane mrefu na sisi tuwe tunamtazama juu. Simu zetu nazo zina namna yake: lenzi yake ni pana, na ukimsogelea mtu mpaka uso ujae kioo, pua inakua na masikio yanarudi nyuma, ndiyo maana watu wengi hawajipendi kwenye picha za kujipiga. Rudi nyuma hatua mbili, mtu anarudi kuwa yeye. Hakuna picha isiyo na ukingo. Swali ni nani anauchora, na kwa ajili ya nani.

Mfano mkali wa swali hilo uko Gulu, kaskazini mwa Uganda. Mwaka 2011 mpiga picha Mwitaliano, Martina Bacigalupo, alikuta katika studio moja ya mji huo, Gulu Real Art Studio, picha zilizotupwa ambazo kila moja ilikuwa na tundu la mraba mahali pa uso. Maelezo yake yalikuwa ya kawaida kabisa. Mashine ya picha ndogo za vitambulisho ilitoa nne kwa mara moja, na wateja wengi walikuwa na haja ya moja tu. Ilikuwa nafuu kumpiga mtu picha kubwa akiwa amekaa, kisha kuukata uso na kumpa. Mteja aliondoka na uso wake. Mwili ukabaki studio. Kazi hiyo ilitolewa kuwa kitabu mwaka 2013.

Nilipoziona picha hizo kwa mara ya kwanza nilitegemea kuogopa, kwa sababu ni watu wasio na vichwa, na Gulu ni mji uliopitiwa na vita vya miaka mingi. Lakini ukikaa nazo, hofu inapungua na unaanza kusoma. Mikono imefumbatwa kwa nguvu juu ya magoti. Koti lile lile la suti, kubwa mno, linarudi kwenye mwili wa mtu huyu na wa yule, kwa sababu studio iliwaazima wasio nalo. Mama ana mtoto mapajani, na mtoto uso wake haukukatwa, kwa hiyo yeye ndiye anayetutazama. Kitambulisho kilichukua sehemu ya mtu ambayo serikali inaihitaji. Sehemu ambayo ndugu zake wangeihitaji, namna anavyokaa, nguo aliyoiazima, mtoto aliyembeba, ilibaki kwenye takataka.

Naziweka pamoja zile za Gulu na ya bibi kwa sababu zinaonyesha jambo lile lile kutoka pande mbili. Uso ukiwa peke yake ni jibu la swali "huyu ni nani?" Ndilo swali la askari wa mpakani, la karani wa bima, la msimamizi wa uchaguzi. Ukingo ukipanuliwa, picha inaanza kujibu swali lingine: huyu ni wa nani? Na msibani hakuna anayeuliza lile la kwanza. Waliokuja wote wanamjua marehemu. Wamekuja kwa sababu ya lile la pili.

Wazee wetu waliokwenda studio zamani walilijua hilo bila kusoma popote. Angalia picha za rangi nyeusi na nyeupe zilizobaki kwenye kuta za sebule nyingi. Watu wamesimama wima, mwili mzima, mkono kwenye meza yenye maua ya plastiki, na viatu lazima vionekane. Kwa macho ya leo tunasema mpiga picha amekaa mbali mno. Lakini kiatu kilinunuliwa kwa fedha ya pamba au ya ng'ombe aliyeuzwa, na picha ambayo ingekikata ingekuwa imekata nusu ya habari. Heshima ya mtu ilikuwa inafika mpaka chini.

Picha ya bibi sasa iko ukutani nyumbani Shelui, juu ya kabati la vyombo. Wageni wakiingia hutoa pole, huitazama, na karibu kila mmoja asiyeijua familia huuliza: mkono wa nani huu? Mtu lazima ajibu. Mara ya kwanza nilipomsikia mjomba mkubwa akijibu, alisema, "Wa mdogo wangu, yuko Geita," kisha akaongeza kwamba siku ile ya harusi mdogo wake ndiye aliyembeba mama mgongoni kuvuka korongo, kwa sababu mvua ilikuwa imekata njia. Habari hiyo sikuwahi kuisikia. Sijui kama ndugu hawa watapatana kuhusu shamba. Ninachokijua ni kwamba jina linatajwa sebuleni, na linatajwa na yule aliyetaka lifutwe.

Likizo iliyopita mama mkubwa aliniita nyuma ya nyumba. Alikuwa amejifunga kitenge kipya. Kwetu si jambo jepesi kuzungumzia picha ya msiba mtu akiwa mzima; wengine husema ni kujiitia kifo. Yeye alisema tu, "Nipige picha mwanangu, na hii nichague mwenyewe." Nilitaka kumweka kivulini, kwenye ukuta mweupe, mahali ambapo mwanga ni laini. Akakataa. Akachukua kigoda akaketi mlangoni pa jiko, mahali anapokaa kila jioni, akamwita mjukuu wake wa miaka mitano akamsimamisha kando, akamshika mkono.

Nikarudi nyuma hatua mbili, nikapiga magoti mpaka kamera ikalingana na macho yake. Kwenye kioo kulikuwa na mlango, kigoda, ungo uliotundikwa ukutani, miguu yake miwili yenye kandambili, na mtoto anayehangaika kusimama kwa utulivu.

"Wote tumo?" aliuliza.

"Wote mmo, mama."

"Basi piga. Na huyu usije ukamkata."